Mlango wa Nyuma wa Banda la Mwani

Nyumba ya bibi yangu mzaa mama, kule Mji Mkongwe, ilikuwa na milango mitatu. Wa mbele ndio ule wanaoupiga picha watalii hadi leo, umechongwa maua na kupigwa njumu, na mie utotoni niliuona ni mlango wa wanaume na wa wageni wasio na habari. Babu alitoka kwa mlango huo asubuhi, akakaa kwenye baraza la mawe na wenzake, kahawa mkononi, wakaipanga dunia. Mlango wa pili ulikuwa wa jikoni. Wa tatu haukuwa chini kabisa, ulikuwa ghorofani, na huo ndio niliokuwa nikiupenda. Ukiufungua unaingia kwenye wikio.

Vijana wa siku hizi ukiwatajia wikio wanakutolea macho. Ni kivuko kilichojengwa juu ya kichochoro, kina kuta na paa na vidirisha vyembamba vya mbao, kinaunganisha nyumba na nyumba. Wikio wetu ulikwenda mpaka nyumba aliyoolewa dada yake bibi. Mwezi wa Ramadhani mie ndiye niliyetumwa kupeleka bakuli la bokoboko kule na kurudi na sahani ya kaimati huku. Chini ya miguu yangu nawasikia wanaume wanapita, wanasalimiana, wanasemana, na hakuna hata mmoja anayejua kama juu yake kuna mtoto amesimama na bakuli la moto anasikiliza.

Wanawake walikaa humo mchana kutwa, maana upepo ulikuwa unapita. Ikiwa kuna harusi katika ukoo, mchele wote ulichaguliwa mle wikioni, kila mmoja na uteo wake mapajani. Nami nikiambiwa "toka hapa, mazungumzo ya watu wazima," nilitoka hatua moja tu. Ah, nimeyasikia mengi! Nani hataki kuolewa na nani, nani anapigwa, nani amechoka kuzaa. Mkutano gani wa mjini ulikuwa na mambo yale?

Na ilikuwa kuna sheria. Mwanamume hatii mguu wikioni. Babu, na ukali wake wote uliokuwa ukiwatetemesha watu sokoni, akimtaka bibi alikuja mpaka kizingitini, akasimama, akakohoa. Bibi akimaliza alilokuwa akilisema, ndipo anaitika: "Naam!" Wakati mwengine hakumaliza upesi. Babu alisubiri.

Nayasema haya kwa sababu kazi niliyokuja kuifanya ukubwani ni kazi ya kuuliza watu wana shida gani. Usicheke. Ni kazi, ina mishahara na semina. Kabla ya mradi kuanza unakwenda kuuliza watu wanahitaji nini, na mradi ukishakwisha unarudi kuangalia kama kilichofanywa kimewafaa. Nimeisomea chuoni Tunguu, tena nilikuwa mtu mzima tayari, nakaa darasani na vijana wa kuwazaa. Huko ndiko nilikofundishwa kwamba mradi upimwe kwa jicho la mwanamke: nani aliulizwa, nani alikuwepo akiulizwa, nani alinyamaza, na kwa nini. Nilipoisikia ile mara ya kwanza nilimkumbuka bibi, nikacheka peke yangu mpaka mwalimu akaniuliza kulikoni.

Basi miaka kadhaa iliyopita nilitumwa upande wa Kiwengwa, kijiji kimoja cha wakulima wa mwani kilichobanwa katikati ya mahoteli. Mradi ulikuwa umewajengea wanawake banda zuri la kukaushia na kusagia mwani, la tofali, bati jipya, mashine ndani. Na banda lilikuwa tupu. Mashine imefungwa nailoni vile vile ilivyotoka dukani, popo wamehamia darini. Wafadhili wakasema: nendeni mkaangalie, kama wanawake hawana haja nalo, lipewe kamati ya wavuvi, wao wanalitaka wakaweke nyavu na mashine za boti.

Nilikwenda na mwenzangu, dada wa Bara, msomi kunizidi, kijana kunizidi, na akisema jambo huwa amelifikiri. Tulipendana siku ile ile ya kwanza na tukagombana siku ya pili, nitakuja kuyasema.

Mkutano wa mwanzo ulifanywa mbele ya sheha, mkuu wa kijiji, na wazee. Wanawake walikaa nyuma, kwenye jamvi, wamejifunika vizuri. Tukauliza: banda mnalionaje? "Zuri, alhamdulillahi." Mbona hamlitumii? "Tutalitumia, inshallah." Mna shida yoyote? "Hamna, tunashukuru." Mwenzangu akaninong'oneza, "Wameridhika hawa?" Wameridhika wapi! Nilikuwa nimeshapandisha hasira, wallahi, lakini si kwao. Mwanamke wa kwetu umwambie aseme shida zake mbele ya mume, mbele ya baba mkwe, mbele ya wageni wenye kamera? Akisema ana haja na kitu, ni kama anasema mumewe hamtimizii. Anamvua nguo mwenye nyumba wake. Hata njaa ikimuua atakwambia nshakula.

Na waliotutangulia, wale waliokuja kuuliza mahitaji kabla ya banda kujengwa, waliuliza hivyo hivyo. Sheha mwenyewe alituhadithia, kwa fahari: "Tuliwauliza akina mama, banda liwekwe wapi? Wakasema, popote mtakapoona." Basi wakaona. Wakaona pembeni ya barabara, gari inapofika, mlango unatazama baraza la wazee pua kwa pua. Wakaandika kwamba wanawake wameshirikishwa. Lo!

Tulipangiwa kulala kwa mwanamke mmoja wa makamo, mkulima wa mwani tangu usichana wake, mumewe yuko kazini hotelini, anarudi wiki kwa wiki. Nilimpenda kwa utani wake. Siku ya kwanza tu alinitazama viatu vyangu akasema, "Shoga, weye umekuja kutathmini au kuolewa?" Ua wake ulikuwa umetandazwa mwani juu ya makuti, na jicho lake halitoki mbinguni. Ilikuwa inakaribia masika. Mwani ukishikwa na mvua umeanikwa hugeuka mweupe, haununuliwi tena, na kazi yote ya bamvua zima, siku zote za maji makubwa, imekwenda na maji. Mwaka uliotangulia alipoteza karibu wote. Alikuwa na binti amefaulu, anataka kwenda skuli ya bweni mjini, na mwani ule ndio ulikuwa binti yule. Aliniambia hayo jikoni, huku akipuliza moto, wala hakunitazama.

"Na banda lipo," nikamwambia.

"Lipo," akasema.

Asubuhi ya pili ndipo nilipoona kwa macho yangu. Maji yalikuwa yametoka, wanawake wanapanda kutoka pwani, magunia ya mwani vichwani, nguo zimerowa chapachapa zimewaganda mwilini, kila kitu kinaonekana. Kutoka pwani hadi kijijini njia iliyonyooka inapita mbele ya baraza. Hawakuishika. Wote walikata kushoto, wakapita nyuma ya majumba juu ya mawe ya matumbawe, mawe yale makali yanayokata viatu, wakizunguka nusu ya kijiji na mzigo kichwani. Nani atapita na nguo zimemganda mbele ya baba mkwe wake? Si yeye wala si mimi. Na kwenda banda lile, njia ni hiyo moja tu.

Nilisimama pale nikajikuta machozi yananitoka. Niliwaona bibi na dada yake, na nikaona kama wamepigwa teke wakaangushwa chini kichochoroni, wikio umevunjwa.

Jioni yake kulikuwa na matayarisho ya maulidi, na ua ulijaa wanawake wanachagua mchele. Nikaomba uteo. Mwenzangu naye akapewa wake, akawa anatupa mchele na kuacha mawe, wakamcheka, naye akacheka. Nikawasimulia habari ya wikio. Nikawasimulia babu anavyokohoa. Walicheka mpaka mmoja akamwaga mchele, kisha vidole vikarudi kazini, na mwenyeji wetu akasema, bila ya kuinua uso, "Sie tungepata mlango kwa nyuma tu. Ukuta wa nyuma unatazama bahari. Unatoka majini unaingia."

Basi kama umefungua bomba. Kila mmoja akawa na lake: mashine waiweke wapi, mwani uanikwe vipi, nani akae na ufunguo. Walikuwa wameshalipanga banda lile zamani, mpaka pahala pa kulaza watoto wachanga walikuwa wamepachagua. Hakuna aliyewauliza wakiwa wamekaa hivi tu.

Nilidhani mwenzangu atafurahi. Tulipotoka kwenda kununua sukari dukani, akasimama katikati ya njia.

"Siandiki mlango wa nyuma," akasema. "Dada, siandiki. Tumekuja kuwapima kwa jicho la mwanamke, halafu tupendekeze wanawake waingilie nyuma? Waliojenga ndio waliokosea, wazee ndio wahame na baraza lao. Wanawake wapite mbele, wamerowa hivyo hivyo, mpaka wazee wazoee."

"Wapite weye ukiwa umekaa wapi? Kwenye ndege?"

"Mwanamke anayejificha habadilishi kitu. Hata nyinyi mnasema, mficha uchi hazai."

Nikapandisha. Nilimwambia maneno mengine sitayarudia hapa, na nikamwambia kwamba kuja na uhuru mfukoni na kumvisha mtu si tofauti na kuja na banda. Kwamba ikiwa tumesema wao ndio waamue, basi waamue, si waamue halafu tuwakasirikie kwa walichokiamua. Alinisikiliza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu ameingilia mlango wa jikoni maisha yake yote. Kwa shemeji zake, kwa wakwe zake. Alikula wakishakula. Niliapa, dada. Niliapa mimi sitapita huko, na sitampitisha mtu."

Hapo hasira ilinitoka yote. Nilimshika mkono tukarudi bila ya sukari.

Mwenyeji wetu alituona nyuso zetu, akauliza, tukamwambia. Hakukasirika hata kidogo. Alimwambia yule mwenzangu, "Mwanangu, ni kweli, mficha uchi hazai. Lakini wa kumwonesha ni mkunga, hauanikwi barazani." Kisha akatuuliza mkutano wa mwisho ni lini. Tukamwambia sheha amepanga kesho kutwa asubuhi. Akahesabu maji kwa vidole, akatabasamu. "Wametupangia wakati wa maji kutoka, sie tuko pwani. Siku zote hufanya hivyo. Haya, vyema."

Siku hiyo tulikaa ndani ya banda lenyewe, mlango wa mbele wazi: sheha, wazee wa kamati ya wavuvi, mwenzangu na mie. Jamvi la wanawake lilikuwa tupu. Baba mkwe wa mwenyeji wetu ndiye aliyekuwa msemaji wa kamati, mzee wa sauti nzito, mtu wa heshima zake, wala si mtu mbaya. Akasema nyavu zao zinaoza kwa mvua na banda linaliwa na popo. "Wanawake wenyewe hawalitaki," akasema. "Wangelitaka si wangekuja? Mmewaita leo, wako wapi?"

Sheha akatutazama. Nilimfikiria yule binti na skuli yake, na mawingu yalikuwa meusi nje, na mwenzangu alikuwa ameshafunga kalamu. Tukitoka pale bila ya neno la mwanamke hata mmoja, banda limekwenda.

Sauti ikatoka ukutani. Nyuma, kwenye yale matundu ya hewa chini ya paa.

"Asalaam aleikum!"

Wazee wakageuka wote. "Waaleikum salaam," wakaitika, wanatazama tofali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," akasema mzee wa sauti nzito. "Nani huyo?"

"Mie, mkaza mwanao. Niko na wenzangu. Tumetoka pwani sasa hivi, tumerowa tepetepe. Lakini mmetuita mkutanoni, na mkubwa akiita huitikwa. Basi tunazunguka, tunapita hapo barazani tuje tuingie."

Sijapata kumuona mzee akiinuka upesi vile. "Msipite!" akapiga kelele. "Msipite, mwanangu! Stahi zenu, msipite hapa!"

Kisha sauti, laini kabisa, adabu tupu: "Basi tupite wapi, baba?"

Mzee akamtazama sheha. Sheha akatazama paa, kama popo ndio watakaojibu. Nje tunasikia maji yanawachuruzika wanawake wale, na mmoja amebanwa na kicheko anajizuia. Mwenzangu alinishika goti akanifinya mpaka nikaumia.

"Si utobolewe mlango huko huko," mzee akasema, kwa kunung'unika.

"Naam, baba? Hatusikii."

"Nimesema utobolewe mlango huko nyuma! Ukuta ubomolewe, mpite huko huko, na mashine yenu na mwani wenu!"

"Popote mtakapoona, baba," akasema mkaza mwanawe.

Lo, jamani! Nilitoka nje nikajifanya nakohoa. Mwenzangu alicheka mpaka akalia, akalia kweli, na tulipokuwa tunarudi mjini akasema, "Mama yangu angewapenda." Ripoti aliiandika yeye. Mlango wa nyuma aliuweka ukurasa wa kwanza, na akaandika kwamba wenyewe ndio waliousema na wenyewe ndio waliouchukua. Sikumrekebishia neno.

Ukuta ulitobolewa kabla ya masika kushika. Binti alikuja mjini skuli.

Nyumba ya bibi sasa ni hoteli. Warithi walikuwa wengi na nyumba inavuja, ikauzwa, wala simlaumu mtu. Mwezi uliopita nilipita pale na roho ikanituma niingie. Nilisimama kwenye mlango ule wa njumu nikapiga hodi, kama mtu mzima na akili zake. Akatoka kijana mstaarabu, akaniuliza kama nimeshaweka chumba. Nikamwambia nataka kuuona wikio. Hakulijua neno, nikamwonesha kwa kidole. "Ah, hapo," akasema, "hapo wageni wananywa kahawa." Akaniruhusu. Wameondoa vidirisha wameweka vioo vipana, mchana kweupe, na wazungu wawili, mume na mke, wamekaa pahala pa uteo wa bibi wanapiga picha kichochoro. Mwanamume amekaa mle wikioni ameweka miguu juu. Nilisema kimoyomoyo, bibi nisamehe, nikashuka. Nililia hadi Darajani, nasema kweli, watu wananitazama.

Siku ile ile nilishika njia ya Kiwengwa. Sijui kwa nini, nilitaka tu.

Banda limechakaa bati, lakini kelele za mashine nilizisikia tangu barabarani. Wazee wamekaa barazani, baadhi nyuso mpya. Yule mzee wa sauti nzito alikuwepo, mkongojo mkononi, hakukaa na wenzake. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa banda, kwenye jua. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia amefuata sabuni ya mwani ya miguu yake, mkaza mwanawe anaitengeneza. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Umefungwa kwa ndani, komeo limetiwa. Mzee akakohoa.

"Naam, baba!" sauti ikaitika kutoka ndani. "Subiri kidogo, tunamaliza!"

Mzee akasubiri. Nikasogea, nikagonga ule mlango, nikasema, "Hodi!"

"Nani?"

"Mie! Mie wa mjini, wa viatu!"

Mashine ikazimwa. Nikasikia vicheko, watu wanaitana, na mwenyeji wangu anapiga kelele kuushinda ubao wa mlango: "Weye! Unagonga huko mbele, kwani umekuwa mkwe? Huko ni kwa wageni, shoga. Zunguka nyuma!"

Nikavua viatu, nikazunguka.